Usaili wa IT Alhamisi ijayo, nimekariri hadi kichwa kinauma. Wanauliza nini hasa?

mgeni_wa_seva

Wakuu, habari zenu. Nimeitwa kwenye usaili wa nafasi ya IT sapoti, siku sita kutoka leo. Barua inasema kutakuwa na maswali na "zoezi la vitendo", basi, hakuna maelezo zaidi. Stashahada ninayo, uzoefu wa ofisini sina, labda mhesabu kompyuta za ndugu na majirani ambazo huwa nazifufua.

Nimekariri tabaka saba za OSI (mfano unaogawa kazi za mtandao kwa hatua) kwenda na kurudi. DNS (inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za namba), DHCP (inayozipa kompyuta anwani), RAM, ROM, zote naweza kuzitolea maana. Lakini nikifunga daftari najiona kasuku. Mliokwisha kupita huko, kwenye hilo zoezi wanaangalia nini?

fundi_wa_zamu

Nimesailiwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na huu ni mwaka wa nne nakaa upande wa pili wa meza. OSI isikunyime usingizi.

Zoezi letu ni hili: laptopu mezani, na karatasi yenye sentensi moja, "Mtumiaji anasema intaneti haifanyi kazi." Tumeshaiharibu kabla hujaingia. Mara ya mwisho tulibadilisha anwani ya seva ya DNS kwa mkono, tukaweka ya uongo. Mwombaji wa kwanza akaanza kufuta kivinjari ili akisakinishe upya. Wa pili akazima na kuwasha, halafu akazima na kuwasha tena. Wa tatu aliacha mikono magotini akatuuliza, "Ni yeye peke yake au na wenzake? Na limeanza lini?" Hajagusa kitufe hata kimoja, na mwenzangu alikuwa keshaandika alama.

Kisha akaanza kufanya huku anasema. Taa za kwenye tundu la kebo zinawaka, sawa. Akaandika ipconfig, amri ya kuonyesha anwani ya kompyuta, akasoma kwa sauti: "Haianzi na 169.254, kwa hiyo DHCP imempa anwani." (Ukiiona hiyo 169.254, ujue kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kuita DHCP ikakosa wa kuitikia.) Aka-ping rauta, yaani akaibishia hodi kwenye mtandao, ikajibu. Aka-ping 8.8.8.8, seva ya Google huko nje, ikajibu. Aka-ping jina la tovuti, kimya. Akasema, "Njia ipo, ila majina hayatafsiriki." Dakika nne, na hapo hata hajafungua mipangilio ya DNS.

Huyo ndiye tuliyemchukua, ingawa kwenye maswali ya mdomo alichanganya tabaka la tatu na la nne. Tulichokitafuta ni mtu anayegawa tatizo vipande na kutuambia amebakiwa na kipande gani. Ukifanya kimyakimya, hata ukipatia, sisi tunaona mtu anabonyezabonyeza tu. Kwa hiyo siku sita hizi haribu kompyuta yako mwenyewe. Chomoa kebo, weka DNS ya uongo, zima huduma ya DHCP, kisha itengeneze huku unaongea peke yako. Watakaokusikia watakushangaa, waache.

Jingine ni wasifu wako. Usiandike usichoweza kukitetea. Mimi niliwahi kuandika "Linux: kiwango cha juu". Msaili, mzee mpole kabisa, akauliza diski ya seva ikijaa nafanyaje. Nikajibu amri ya df -h kuona diski imejaa kiasi gani, halafu du kutafuta folda nene. Akatabasamu: "Na df ikisema imejaa, lakini du haioni kitu?" Nikabaki naangalia kalamu yangu. Jibu ni kwamba kuna faili limefutwa ilhali programu bado imelishikilia, kwa hiyo nafasi hairudi mpaka programu hiyo iliachie. Ukiita lsof +L1 utaliona. Leo nalijua hata usingizini, lakini siku ile nilirudi nyumbani na "kiwango cha juu" changu. Kuanzia hapo niliandika "naitumia kila siku", na hakuna aliyenitega tena.

mama_wa_rauta

Nakubali mengi, ila mkuu hapo juu usimdanganye kijana kwamba kukariri hakuna kazi. Kuna wanaochuja kwa mtihani wa kuandika kwanza, na pale hakuna wa kukusikia ukiongea peke yako. Bandari, yaani namba za milango ya huduma za mtandao, lazima zikae kichwani: 22 ya SSH (kuingia seva kwa mbali), 53 ya DNS, 67 na 68 za DHCP, 443 ya HTTPS, 3389 ya kuingia Windows kwa mbali. Jua pia safu za anwani za ndani: zinazoanza na 10, kisha 172.16 hadi 172.31, na 192.168.

Na kugawa mtandao ufanye kwa kalamu, bila kikokotoo. Mfano: 192.168.10.77/26 iko mtandao gani? /26 maana yake biti 26 kati ya 32 za anwani ni za mtandao, zinabaki 6, kwa hiyo inakupa mafungu ya 64, yaani yanaanzia 0, 64, 128 na 192. 77 imeangukia fungu la 64. Kwa hiyo mtandao ni .64, tangazo (anwani ya kuwafikia wote kwa pamoja) ni .127, na kompyuta zinapata .65 hadi .126, jumla 62. Fanya kumi za hivyo kila asubuhi. Siku ya nne mkono utakuwa unaandika wenyewe.

mgeni_wa_seva

Nimeanza jana, nimejiharibia DNS hadi nikashindwa kuingia humu kuwauliza. Maswali mawili ya mwisho: nikiulizwa nisichokijua nasemaje? Na wakisema "eleza uzoefu wako", niseme nini?

fundi_wa_zamu

Usichokijua, sema hukijui, halafu sema ungeanzia wapi kukitafuta. Kubahatisha huwa tunakuona mara moja, kwa sababu sauti hupanda.

Kuhusu uzoefu, kompyuta za majirani ni uzoefu. Chagua mbili tu, na moja iwe ile iliyokushinda mwanzo. Mtumiaji alilalamika nini, ulidhani nini, ulikosea wapi, mwisho tatizo lilikuwa nini. Usipambe. Kisa cha paswedi iliyokuwa inafunga akaunti kila asubuhi kwa sababu simu ya mwenyewe ilikuwa bado inatuma ya zamani kina thamani kuliko "nina ujuzi wa kutatua matatizo".

Wakikupa nafasi ya kuuliza, usiseme huna swali. Uliza mara ya mwisho walirejesha faili kutoka kwenye bekapu lini. Wakianza kuangaliana, umeshajua kazi inayokusubiri.

mgeni_wa_seva

Wakuu, nimetoka. Rauta hata sikuiona! Laptopu ilikuwa na printa yenye kazi kumi na moja zimekwama kwenye foleni na hazifutiki. Niliuliza kwanza kama wenzake wanachapisha (wanachapisha), nikasema basi printa yenyewe ni nzima, tatizo liko kwenye kompyuta hii. Nikasimamisha huduma ya Print Spooler, inayosimamia foleni ya kuchapisha, nikafuta vilivyomo kwenye folda ya spool, nikaiwasha tena, ukurasa ukatoka. Mikono ilikuwa inatetemeka hadi nikakosea njia ya folda mara mbili, na nikasema kwa sauti kwamba nimekosea.

Mtihani wa kuandika ulikuwepo, maswali ishirini. Mama wa rauta, lilikuja la /27. Hawajapiga simu bado. Lile swali la bekapu niliwauliza, wakacheka wote watatu, hakuna aliyejibu.