Tupeane uzoefu: skrini ikichora mistari, ikicheza au ikibadili rangi, unaanzia wapi?

Wadau, kioo cha laptop kinabadilishwa bure mara nyingi mno. Mistari ikitokea tu, mtu anaambiwa kioo kimekufa, analipa, halafu mistari inarudi kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye kebo inayopeleka picha kwenye kioo au draiva (programu inayoendesha kifaa). Tuweke hapa vipimo vya kufanya nyumbani kabla hela haijatoka.

Naanza na kisichogharimu kitu. Bonyeza Windows + PrtSc, kisha tuma hiyo picha kwenye simu uiangalie huko. Usiipige kwa kamera. Uchafu ukionekana hadi kwenye simu, unatoka ndani ya mashine: draiva, kadi ya grafiki (inayotengeneza picha) au RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine). Picha ikiwa safi, shuku kebo na kioo. Kisha chomeka TV kwa HDMI, bonyeza Windows + P, chagua Duplicate. TV ikiwa safi huku laptop ina mistari, kadi iache.

#2
Mkuu, ongeza BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows. Kwenye Dell ni F2, HP ni F10, ThinkPad ni F1, unabonyeza mara tu unapowasha. Hapo Windows haijaamka na draiva yake haijaingia, kwa hiyo mistari ikiwepo BIOS, kupiga Windows upya ni kupoteza siku. Kwenye Dell nyingi, zima mashine, shikilia D kisha washa: kioo kitapitisha nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Mstari ukibaki kwenye kila rangi, kioo chenyewe ndicho kibovu.

BIOS ikiwa safi, bonyeza Windows + Ctrl + Shift + B. Skrini inazimika kidogo na draiva inaanza upya. Ikisaidia kwa muda tu, futa draiva ya grafiki, uweke ile ya mtengenezaji wa laptop yako.

#3
Kwenye laptop, kebo ndiyo inayosumbua sana, kwa sababu inapita kwenye bawaba na inakunjwa kila unapofungua mfuniko. Washa mashine, sogeza mfuniko polepole kutoka nusu hadi mwisho. Mistari ikija na kupotea kwenye pembe fulani, ni kebo hiyo, ama imelegea au nyuzi zimekatika.

Ukitaka kuichomeka upya: zima, toa chaja, fungua mfuniko wa chini, na kabla ya kugusa chochote chomoa plagi ya betri. Kandamiza kitufe cha kuwashia sekunde 15. Hatua hii watu wanairuka na inawagharimu. Umeme wa taa ya nyuma unapita kwenye plagi hiyohiyo ya picha, pini zake ni 30 au 40 zimebanana. Ikiingia upande kukiwa na umeme, fyuzi ya taa kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine) inaungua. Hapo picha inakuwepo lakini giza, unaiona kwa kumulika tochi. Plagi ya nyuma ya kioo ina kishikizo chembamba cha chuma au gundi ya nailoni: inua hicho kwanza, na usivute kwa waya.

#4
Kwa wenye kompyuta za mezani na kebo ya VGA (ile ya zamani ya monita yenye skrubu mbili): rangi inakuambia pini ipi haigusi. Skrini ikigeuka ya njano, bluu haifiki, pini ya 3. Ikiwa ya zambarau-pinki, kijani kimekosekana, pini ya 2. Ikiwa ya samawati-kijani, nyekundu, pini ya 1. Angalia pini iliyopinda, inyooshe kwa kibano, kaza skrubu mbili za pembeni.

Monita inayopepesa ikiwa baridi kisha inatulia huwa na kapasita (vipande vinavyotunza umeme) zilizovimba. Usiifungue mwenyewe: umeme wa 230 V ukishageuzwa humo unapita 300 V, na unabaki hata plagi ikiwa nje. Mpe fundi.

#5
Msisahau RAM. Grafiki iliyo ndani ya prosesa inaazima RAM, hivyo RAM chafu huleta vijisanduku na nukta za rangi skrini nzima. Toa, futa meno yake kwa spiriti ya isopropili, jaribu moja moja kila nafasi. Vijisanduku vikija kwenye gemu pekee, anza na vumbi na feni. Na tafadhali, msioke kadi kwenye oveni ya chakula. Ikipona haidumu, na moshi wake ni sumu.

#6
Mstari mmoja wima usiobadilika, kebo haina tatizo, TV safi: badilisha kioo. Nunua kwa namba iliyo mgongoni mwake, mfano NT156WHM-N42, ambayo ni inchi 15.6, 1366 × 768, pini 30. Modeli ya laptop haitoshi, kwani modeli moja hutoka na vioo tofauti. Linganisha pia upande wa plagi na masikio ya skrubu. Kijaribu kabla hujabandua nailoni yake.