Python, Java au PHP? Na je, kuprogramu kunanifaa?

Mtunza Daftari: Wakuu, nipo Morogoro, kazi yangu uhasibu kwenye duka la pembejeo. Nataka kujifunza kuprogramu ila kila mtu ananitajia lugha yake ya kuandikia programu. Nimegusa Python, kosa linaloitwa IndentationError linaninyima usingizi. Kichwa changu kinafaa kweli kwa kazi hii?

Fundi Mitambo: Anza na C. Ipo tangu 1972 na kiini cha mfumo endeshi wa Linux kimeandikwa nayo kwa sehemu kubwa. Chuoni tulianza nayo, pointa, yaani anwani za kumbukumbu ya kompyuta, zilitutoa jasho, umeme ukikatika kabla hujahifadhi unaanza upya. Vijana wa siku hizi wanataka mteremko.

Dada wa Tovuti: Kaka, hiyo IndentationError ni nafasi tu za mwanzo wa mstari. Mstari mmoja una nafasi nne, unaofuata tatu. Weka nne kote, itaondoka. Unataka kutengeneza nini?

Mtunza Daftari: Kitu cha kawaida tu, mahesabu.

Dada wa Tovuti: Mahesabu ya nani?

Mtunza Daftari: Ya kikoba. Hisa, mikopo, riba, faini. Malipo ya awali nimeshapokea, mfumo unatakiwa kabla hawajavunja kikoba Desemba. Msinielewe vibaya, daftari lao nalijua kuliko mtu yeyote. Na hela nimeshanunulia laptopu, kuirudisha haiwezekani.

Mzee Kivuli: Hela ya kina mama hiyo, kijana! Wameidunduliza kwenye vitumbua. Uaminifu kwanza, kompyuta baadaye.

Kiroboto: Desemba ikikukuta hujamaliza, jifunze Kireno uvukie Msumbiji.

Kisiki: Hii chai. Nani analipia mfumo kwa mtu asiyejua hata aanze na lugha gani? Kesho ataleta kozi ya kulipia. Kama ni kweli, faini unaikokotoaje?

Mtunza Daftari: Mkopo ukipita miezi mitatu, asilimia 5 ya salio, si ya mkopo mzima. Kwenye Excel nimeweka IF, fomula ya masharti, ndani ya IF, hisa za kila mtu zinavutwa kwa jina lake na fomula ya VLOOKUP. Tatizo Python: 0.1 kujumlisha 0.2 inaniletea 0.30000000000000004. Mwenyekiti akiona hiyo ataniamini?

Kisiki: Hiyo 4 ya mwisho haitungwi. Endelea, mkuu.

Dada wa Tovuti: Java na JavaScript zitakupa hivyohivyo. Kompyuta huhifadhi desimali kwa binari, yaani 0 na 1 tu, na 0.1 haiandikiki kamili humo. Shilingi zihifadhi kama namba kamili. Gawio likileta vipande, tumia decimal, moduli ya Python ya kukokotoa desimali. Data weka SQLite, hifadhidata inayokuja na Python yenyewe, seva huhitaji. Na mtu anayepanga IF ndani ya IF zikatoa faini sahihi, tayari anaprogramu. Mimi kinachonitia hofu ni Desemba. Daftari la mkono lisisimame, viende sambamba mpaka vilingane hadi shilingi ya mwisho. Na mwenyekiti aambiwe sasa hivi ulipofikia.

Fundi Mitambo: Kwenye C angetumia int, aina ya namba kamili, tangu mwanzo.

Mtunza Daftari: Nabaki na Python. Kumwambia ndiyo ngumu. Mwenyekiti ni mama mkwe wangu.

Dada wa Tovuti: Basi nenda na laptopu, mfungulie Excel, weka jina la mdaiwa mmoja aone faini inavyotoka. Halafu mwambie kilichobaki na lini kitaisha.