Nimetoka kwenye kikundi cha maigizo Dar, sasa niko sekondari ya kawaida Mtwara, na napenda wavulana. Naombeni ushauri

Mtoto wa Jukwaa

Shikamooni wakubwa. Nina miaka 16, niko form three. Nimekulia Dar, na tangu primary nilikuwa kwenye kikundi cha maigizo cha vijana, jumamosi mazoezi, likizo mazoezi, tulishaonyesha mpaka Bagamoyo. Mwaka huu mama kahamishwa kikazi ndo tukaja Mtwara na nikaingia shule ya kawaida tu ya kata.

Shule siichukii, walimu wapo na wanafunzi wengi ni watu wazuri. Ila maisha yangu yamekuwa kufagia asubuhi, mstarini, fizikia, kemia, kurudi nyumbani, basi. Ukisema maigizo wanajua unaongelea vichekesho vya kwenye simu. Kipindi cha Kiswahili niliambiwa nisome kwa sauti, ilikuwa sehemu ya mama mkwe anamgombeza mkwewe, nikabadilisha sauti na mkono nikauweka kiunoni maana ndo nilivyofundishwa, huwezi kusoma mhusika kama unasoma tangazo la maji. Darasa lilicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Tangu hapo naitwa Mama Mkwe, mpaka form one wananiita hivyo.

Sasa jambo lenyewe zito. Mi napenda wavulana. Nimelijua hilo toka darasa la saba na sijawahi kufanya chochote na mtu, ila najua. Kule kwenye kikundi hakuna aliyeniuliza, mtu ukiwa mlaini sawa, ukiwa mkali sawa, kinachoangaliwa ni kama umeshika maneno yako. Huku nikitembea naangalia miguu yangu inakanyagaje, mikono naitia mfukoni isije ikacheza, sauti naishusha, nikifika home sina hata nguvu ya kula. Na kuna rafiki yangu tunakaa dawati moja, mihogo ya kukaanga tunanunua pamoja, kila siku ananiuliza we una nini mbona umebadilika. Natamani nimwambie. Mama siwezi kumwambia.

Je nimwambie huyu rafiki? Na mtu anaishije mpaka amalize form four bila jukwaa? Naombeni msinitukane.

Kaka wa Lindi

Marahaba mdogo wangu. Mimi ni mtu mzima sasa, nimesoma huku huku kusini, na yako nayaelewa kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Rafiki usimwambie sasa hivi. Sisemi ni mbaya, anaweza kuwa mtu safi kabisa, lakini ana miaka 16 kama wewe, siku mkigombana kwa sababu ya daftari tu siri yako itakuwa shule nzima kabla ya kengele ya mapumziko, na kutoka shuleni inafika kwa mama yako kwa mdomo wa jirani. Unakaa kwa mama, unakula kwa mama, madaftari na sare ni yeye. Subiri mpaka uwe na pa kusimama. Akikuuliza una nini mwambie nimewakumbuka wenzangu wa maigizo, maana hilo nalo ni kweli tupu na linauma kweli.

Halafu jua sheria inavyosema, usisikie za vijiweni. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 154 kinaadhibu tendo, na adhabu yake ni kali mno, miaka 30 mpaka maisha. Moyo wako kumpenda mtu hakujaandikwa humo. Ila watu mtaani hawatofautishi, kwa hiyo ulinzi wako ni mdomo wako.

La mwisho na hili nakuomba sana. Kuanzia leo watakufuata inbox watu wanaosema hata mimi niko hivyo hivyo, tuonane, nitumie picha. Usimjibu hata mmoja, hata mimi usinifuate huko. Wapo wanaotega vijana namna hiyo halafu wanawadai hela miezi na miezi. Na jina la shule usilitaje humu kamwe.

Mzazi Masasi

Mwanangu mimi sikutukani, nina watoto rika lako. Lakini hayo mawazo ni ya umri na ya makundi ya Dar. Swali, funga, mwambie mama akupeleke kwa shehe au mchungaji akuombee, na hayo maigizo uyaache maana ndiyo yamekulegeza. Soma sayansi.

Nesi wa Ligula

Mzazi wa Masasi nakuheshimu na naona unaongea kwa upendo, lakini naomba nikupinge kabisa. Maigizo hayamfanyi mtoto apende wavulana, kama ingekuwa hivyo wacheza mpira wote wangekuwa salama na sivyo ilivyo. Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990, hakuna dawa yake kwa sababu si ugonjwa. Kinachougua ni mtoto anayepelekwa huku na huku kutolewa kitu asichoweza kukitoa. Analala vibaya, haongei, mwisho anaanza kufikiria kujidhuru.

Mwanangu, kusali sali kama unapenda, Mungu ni wako pia. Ila ukiona hamu ya kula imepotea wiki na wiki, au unawaza heri nisingekuwepo, usikae nalo. Piga 116, ni namba ya simu ya mtoto, bure, na unaweza kuongea habari ya kutaniwa na kuchoka tu bila kuwaeleza mengine yote.

Mwl wa Nachingwea

Mimi nafundisha Kiswahili kwahiyo nijibu upande wa jukwaa, na hapa nina mengi. Dogo una bahati uko form three. Fasihi andishi unaanza sasa na tamthiliya ziko kwenye mtihani wa taifa, kila mwalimu wa Kiswahili anahangaika wanafunzi wakariri wahusika na dhamira. Nenda ofisini kwake, usiende na habari ya klabu ya sanaa maana atakwambia hakuna bajeti, nenda na hii: mwalimu naomba tuigize onyesho moja la kitabu tunachosoma ili darasa lielewe wahusika. Hakuna mwalimu atakayekataa kitu kinachomsaidia matokeo. Likienda vizuri, mahafali ya form four yako karibu, ratiba inahitaji igizo na siku zote wanakosa wa kuliongoza. UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, nako siyo mpira tu, kuna kwaya na ngoma.

Na wewe usichukue nafasi ya kuigiza kwanza. Ongoza. Wape hao waliokucheka wahusika, wafundishe kutoa sauti tumboni mpaka wa dawati la nyuma asikie. Mwanafunzi akishajua ugumu wa kushika maneno matatu huku watu wanakuangalia, jina la Mama Mkwe analiacha mwenyewe.

Binti Newala

Naongezea kidogo kwa hao wanaosema mwanaume kuigiza mwanamke ni ulaini. Jamani sisi ni Wamakonde. Mapiko, ngoma yetu ya vinyago, tumeyakuta. Anayeingia uwanjani na kinyago cha mwanamke ni mwanaume, anatingisha mabega, anajifanya anatwanga, na wazee wanashangilia mpaka vumbi linafunika ngoma. Babu yangu aliwahi kuvaa na hakuna aliyemuuliza swali. Mdogo wangu, mama mkwe uliyemsoma darasani msome tena na mkono uweke kiunoni.

Mtoto wa Jukwaa

Asanteni sana, nimesoma zote mara nyingi. Mzazi wa Masasi sina kinyongo ila maigizo siachi. Kaka wa Lindi nimekuelewa, sikumwambia, nilimwambia tu nimewamisi wenzangu wa Dar, akasema sasa si utuonyeshe mlikuwa mnafanya nini. Inbox walikuja kweli, nimewablock wote.

Mwalimu nimeenda ofisini na maneno yako vile vile. Kakubali, katupa ijumaa baada ya vipindi, darasani kwetu. Tatizo wasichana wengi wamejiandikisha na wavulana wanaona aibu, na kitabu kina wahusika wanaume wengi.

Mwl wa Nachingwea

Hilo si tatizo, wasichana wacheze wanaume, umesikia ya Newala. Chagua sehemu yenye ugomvi, siyo yenye hotuba, isizidi dakika kumi. Rafiki yako wa dawatini mpe kazi ya kufuatilia maneno na kitabu mkononi, anayesahau amkumbushe. Madawati yasogezeni ukutani muache katikati wazi, na wanaochungulia madirishani msiwafukuze.