Mzazi anataka Rosa Mistika iondolewe kwenye maktaba yetu ya mtaa, nifanyeje?

Msomaji wa Nyegezi

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri, hasa kutoka kwa walimu na wakutubi.

Hapa mtaani kwetu Mwanza tuna chumba cha kusomea. Tulianza na vitabu vya kuchangishana, sasa makabati yamejaa na jioni watoto wa sekondari wanafurika, maana wengi wao nyumbani hawana pa kukaa wakasoma kwa utulivu. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja na Rosa Mistika ya Kezilahabi, kaizungushia gazeti. Binti yake wa kidato cha pili ndiye aliyeiazima. Mama akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja kona, akanionyesha mistari michache, akaniuliza: "Hiki ndicho mnachowapa watoto wetu?" Hakuja kwa shari. Aliongea kwa uchungu wa mzazi, na mimi nilimwelewa.

Shida imekuja baada ya hapo. Mwenyekiti wa kamati ameagiza riwaya itolewe, na wajumbe wawili wameanza kupitia kabati zima wakiwa na kalamu nyekundu. Yenye ulevi, kando. Yenye waganga, kando. Kuna tamthilia ina kiongozi mla rushwa, nayo imewekwa kando tusije tukaonekana tunafanya siasa. Hakuna hata kimoja walichokisoma chote. Wanafungua katikati, wanatafuta neno, wanakiweka kwenye boksi. Boksi la kwanza limeshajaa.

Jumamosi tuna kikao. Sitaki vitabu vitoke, na sitaki yule mama aondoke akijiona amedharauliwa. Niseme nini?

Mama Neema

Pole kaka. Mimi niko na huyo mama. Mtoto wa kidato cha pili bado mdogo. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa sababu ya maadili, na wazazi wengi tulishukuru. Kama wizara inachuja, maktaba ya mtaa inakataa kwa lipi? Kitoeni, yaishe.

Mkutubi Mstaafu

Mama Neema, hoja yako naiheshimu, lakini hayo ni mambo mawili tofauti. Lile katazo lilitaja vitabu vyake kwa majina, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, na lilihusu shule. Rosa Mistika haikuwemo.

Na hii riwaya ina historia yake ambayo kamati inapaswa kuijua. Ilitoka 1971. Ilipotoka ikazuiwa kufundishwa madarasani, kwa sababu Kezilahabi alilisema wazi jambo ambalo watu wazima walikuwa wakilinong'ona: mabinti wa shule wanaharibiwa na watu waliokabidhiwa kuwalinda, walimu wakiwemo. Miaka ikapita, riwaya ileile ikakubaliwa kuwa kitabu cha fasihi sekondari, Tanzania na Kenya. Maneno ndani yake hayakubadilika. Tulichokuwa tumekizuia ni onyo, na waliolikosa ni wale waliokuwa wakilihitaji zaidi.

Sasa utaratibu. Kwanza, kitabu kinacholalamikiwa kibaki kabatini mpaka uamuzi utoke. Ukikitoa kwanza ndipo ujadili, umeshaamua. Pili, malalamiko yaandikwe, yasiwe ya mdomo. Tatu, asiyesoma kitabu chote asipige kura. Hilo la tatu lisimamie hata wakinuna.

Binti wa Ukerewe

Naomba niseme kama niliyeisoma nikiwa na umri wa huyo binti.

Nilikuwa bweni. Nakala ilikuwa moja, haina jalada, tunapokezana usiku. Wenzangu walikuwa wanatafuta kurasa za mapenzi, sikatai. Mimi nilikwama kwa Zakaria, baba yake Rosa, anavyompiga mwanawe kwa sababu ya barua ya mvulana. Yule baba nilimjua. Binti anakua kwa woga, hana wa kumuuliza chochote, akitoka kwenye ile fimbo hajui kukataa wala kukubali. Nilisoma mpaka Rosa anajiua, nikaanza upya.

Muhula huohuo kulikuwa na mwalimu aliyezoea kuniita ofisini jioni, peke yangu, eti tusahihishe daftari. Kabla ya kile kitabu nilikuwa najiambia ni heshima. Baada ya kukisoma nikaenda kwa matroni nikamweleza. Hakuna semina wala mzazi aliyekuwa amewahi kunipa maneno ya kusema pale.

Kwa hiyo mama anayeogopa hicho kitabu namwomba, kwa unyenyekevu kabisa, akisome na binti yake.

Wa Mji wa Kale

Kutoka Mombasa. Hiyo tamthilia mliyoiweka kando ndiyo inayonitia hofu zaidi kuliko Rosa. Huku kwetu tunajua njia hiyo inakofika. Mwaka 1969 Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kwa kijikaratasi cha kuuliza "Kenya: Twendapi?" Mashairi yake ya gerezani aliyaandika kwenye karatasi za chooni, yakatoka kwa jina la Sauti ya Dhiki, na 1974 yakapewa tuzo iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Kisha 1987 polisi walipita madukani wakazoa nakala za Matigari, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o.

Nyie hamna polisi mlangoni, mnajikagua wenyewe. Irudisheni hiyo tamthilia kabatini kabla ya kikao.

Mama Neema

Binti wa Ukerewe, umenigusa sana. Nina binti wa miaka kumi na minne. Lakini bado nauliza: mimi nisipotaka wangu asome kitabu fulani, sina haki?

Mkutubi Mstaafu

Unayo, tena yote. Mwambie mtunza maktaba aandike kwenye kadi ya mwanao kwamba kitabu fulani asiazimishwe. Ni mstari mmoja wa kalamu. Haki hiyo inaishia kwenye kadi ya mwanao. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari, na mtoto wa jirani ana mzazi wake wa kuamua naye.

Msomaji wa Nyegezi

Nawashukuru sana. Tamthilia nimeirudisha leo asubuhi na nimemjulisha mwenyekiti. Yule mama nimempigia, kakubali kuja Jumamosi, nami nimempelekea ile nakala aisome yote. Binti wa Ukerewe, naomba ruhusa niwasomee wajumbe maelezo yako bila jina. Mkutubi, hiyo fomu ya malalamiko inakuwaje?

Binti wa Ukerewe

Wasomee.

Mkutubi Mstaafu

Ni nusu ukurasa tu. Jina la kitabu. Umekisoma chote? Ni ukurasa gani unaokusumbua, na kwa nini? Unataka asikisome mwanao, au asikisome mtoto yeyote? Acha nafasi ya kutosha chini ya swali la mwisho, na nakala moja abaki nayo mlalamikaji. Ukishindwa kuchapa niandikie pembeni, nitakutumia.