Naomba ushauri: saida ya matofaa kwenye joto la Malindi
Salaam jamani. Nataka kutengeneza saida (kileo cha juisi ya matofaa iliyochachuka) nyumbani, ndiyo mara ya kwanza. Matofaa ya Afrika Kusini nimepata sokoni (bei yake, tuache tu), nitayasaga kwa blenda na kuchuja kwa kitambaa cha tui. Kinachonitia wasiwasi ni joto. Hamira ya saida hupenda nyuzi 15 hadi 20 hivi, na hapa Malindi hata usiku hatufiki huko. Nikiliweka dumu kwenye beseni la maji, nilifunike gunia lililoloweshwa, itatosha? Halafu hamira ya mandazi itafaa, ama lazima ile ya mvinyo? Mfuniko sitaukaza, gesi ipate pa kutokea. Dumu la mnazi likivimba mnalijua. Mliowahi kujaribu huku Pwani, nipeni mwongozo.