Helmeti kwenye ski: uvae au uache? Tupeane uzoefu

MamaK_Kiborloni: Wakuu habari za leo. Nina mdogo wangu anasoma Innsbruck huko Austria, wenzake wa chuo wanampeleka ski (kule kuteleza kwenye theluji) jumamosi na ameniambia helmeti hakodi, eti wanaenda kwenye kimlima cha wanaojifunza, kuna mpaka watoto wa chekechea. Mi roho haitulii kabisa. Humu najua kuna watu wa mlimani, waliokaa ulaya, manesi, bodaboda, yeyote aliyeona helmeti inasaidia au haisaidii aseme alichokiona, nitamtumia asome yote.

Kibo_Grenoble: Dada yangu mwambie akodi. Nilikaa Ufaransa miaka kadhaa, snoubodi nilijifunzia kwenye kimlima cha watoto na kichwa kiligonga hapohapo. Usiku mashine zinapita kuishindilia theluji, asubuhi unaikuta imeganda ngumu kama sakafu, na kwenye snoubodi miguu yote miwili imefungwa kwenye ubao, ukingo wa upande wa visigino ukinasa unatupwa chali ghafla, mkono hupati hata muda wa kuutanguliza, kisogo ndo kinafika kwanza. Nilisikia ko! nikabaki nimekaa pale chini. Kuja kuivua helmeti, lile povu la ndani limepasuka kuanzia kisogoni mpaka karibu na sikio. Mwalimu akaichukua akaitupa, akasema ikishapigwa hivyo haivaliwi tena.

Nesi_Pasua: Naomba niongezee upande wa hospitali. Yule mwigizaji Natasha Richardson, Machi 2009 alikuwa Mont Tremblant kule Kanada, kimlima kama hichohicho cha wanaojifunza, yuko na mwalimu, hana helmeti. Akaanguka, akainuka anaongea vizuri tu, ambulensi ikaja ikarudishwa. Baadaye kichwa kikaanza kuuma na siku mbili baada ya kuanguka akafariki, damu ilikuwa imevujia kati ya fuvu na utando wa ubongo. Sisi wodini hiyo tunaiona kwa watu wa bodaboda, mtu anafika anatembea mwenyewe, anataja jina lake na la mke wake, anauliza simu yangu iko wapi, afu masaa yakipita anaanza kutapika, anasinzia, ukimmulika tochi mboni moja imetanuka kuliko nyingine. Jamani mtu akigonga kichwa msimwache akalale peke yake eti yuko poa, na maumivu yakizidi ni hospitali saa hiyohiyo, msisubiri asubuhi. Nimewapoteza vijana wadogo mno kwa hili.

chalii_Sakina: Poleni sana nesi. Mi nauliza kwa nia njema kabisa, Schumacher yule dereva wa Formula 1 aliyeumia kichwa kwenye ski, si alikuwa amevaa?

Kibo_Grenoble: Alivaa ndio. Desemba 2013 pale Méribel, alikuwa ametoka kwenye njia zilizowekewa alama akaingia katikati ya njia mbili, kwenye mawe, kichwa kikagonga mwamba. Madaktari wa Grenoble wenyewe walisema bila helmeti asingefika hata hospitali. Kwa hiyo Mama K mwambie avae na pia asitoke kwenye njia zenye alama, hivyo vyote viwili. Hapo jirani yao Italia tangu Novemba 2025 helmeti ni lazima kwa kila mtu, zamani ilikuwa kwa watoto.

Mgumu_Machame: Ski siijui ila mawe nayajua. Kwetu Kilimanjaro, ile njia ya Western Breach pale juu ya Arrow Glacier mawe yameshikwa na barafu, jua likipiga barafu inaachia, linaanza moja dogo linakuja na wenzake. Januari 2006 Wamarekani watatu walifia pale. Ndo maana ile njia tunaondoka usiku tupite juu kabla jua halijashika, helmeti kichwani. Kinachoniuma mpaka leo, kampuni niliyokuwa nabebea mwanzoni mgeni anapewa helmeti, sisi wapagazi tunapita palepale na kofia za sufu. Jiwe la ukubwa wa ngumi lilimpiga mwenzangu begani mzigo ukamtoka, ule mkono mpaka sasa hauinuki vizuri, na hapo ni bega. Msimu uliofuata tukasema wote Breach hatupandi bila helmeti, kiongozi wetu wa msafara akasimama na sisi, zikanunuliwa. Wagumu (wapagazi wenzangu) mnaosoma hapa ulizeni kabla hamjafika getini, mkishafika kambini mmechelewa.

Mitumba_Memorial: Mama K akodi dukani, asiazime ya rafiki wala asinunue iliyotumika, maana huwezi jua imeshagonga wapi. Mi nauza mitumba hapa Memorial na helmeti za ski zinakuja, unazijua kwa vile vitambaa vya kufunika masikio na kile kikamba nyuma cha kushikia miwani. Vijana wa boda wanazitaka sana kwasababu nyepesi, mi nawanyima japo hela naihitaji. Ukiangalia lebo ya ndani ya ski imeandikwa EN 1077, ya kupandia mlima EN 12492, ya pikipiki inatakiwa ECE 22, kila moja imepimwa kwa kazi yake. Akifika dukani aivae bila kufunga mkanda atikise kichwa, ikicheza achukue ndogo zaidi, ikae chini mpaka karibu na nyusi, na kofia ya sufu asivae ndani yake hata baridi ikimzidi.

MamaK_Kiborloni: Nimemtumia yote. Nesi, hiyo ya mboni nimempigia kabisa nikamsomea, nikamwambia awasomee na hao wenzake anaokwenda nao.