Malipo ya Inua Jamii yamekoma kwa mzee wa miaka 74: nianzie wapi kumtetea?

mjumbe_pwani
Hamjambo wakuu. Najitolea kuwasaidia wazee kufuatilia haki zao. Kuna bibi mmoja, miaka 74, alikuwa akipokea pesa za wazee za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya, kisha zikakatika. Kwa wakala wa benki anaambiwa hakuna kitu, kwengine anaambiwa angojee malipo yajayo. Hajui kusoma. Ana kitambulisho na kadi ya benki. Nimsimamie vipi, na niandike nini, kwa nani?

ustawi_wa_wazee
Usiandike chochote kwanza. "Sipati pesa" yaweza kuwa mambo matatu, na kila moja lina mwenyewe wa kulitatua. Ama pesa inaingia ila haitoki, ama malipo yamesimamishwa mpaka jambo fulani lihakikiwe, ama jina limeondolewa kwenye orodha. Ukimpelekea afisa wa ustawi kosa la benki atakurudisha benki, na bibi wa watu atakuwa amelipa nauli bure.

Njia ya kujua: mfuatane naye hadi tawi la benki, si kwa wakala, aombe taarifa ya akaunti tangu mara ya mwisho alipotoa pesa. Wakala huona tu kama muamala umepita au umekataa. Taarifa ndiyo itakayoonyesha tarehe za pesa kuingia. Ikiwa zinaingia, shida iko kwenye kadi, namba ya siri au alama za vidole. Ikiwa zilikoma mwezi fulani, huo mwezi uandike. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa hivyo kwa mfano miezi minane ni 16,000. Dai lenye hesabu ni gumu kulipuuza.

Vidole visikupite. Aliyelima na kukuna nazi maisha yake yote, mistari ya vidole huwa imesagika na mashine haiisomi. Anawe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akauke vizuri, kisha ajaribu vidole vyote kumi, si kidole gumba pekee. Kimoja kikisoma, aombe tawi limsajili upya kwa hicho.

msaidizi_wa_sheria
Umeelezwa vyema. Nachukulia sasa kwamba taarifa ya akaunti imeonyesha pesa zilikoma kuingia. Andaa karatasi mbili.

Ya kwanza ni idhini: bibi anakuruhusu kuuliza kuhusu malipo yake, jambo hilo tu. Msomee kwa lugha anayoielewa, aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye wewe. Bila idhini, afisa ana haki ya kukunyima habari za mtu mwingine.

Ya pili ni barua kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Iwe fupi:

"Mimi, mwenye kitambulisho namba ____, nilikuwa nikipokea malipo ya wazee. Malipo ya mwisho yaliingia tarehe ____. Naomba nijulishwe kwa maandishi: (a) hali yangu kwenye orodha leo, (b) kama nimesimamishwa au kuondolewa, ni lini na kwa sababu gani, (c) natakiwa kuleta nini ili nirejeshwe, (d) malimbikizo yangu yatashughulikiwa vipi. Naomba haya chini ya Ibara za 35 na 47 za Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016."

Ibara ya 47 inampa sababu za maandishi mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi. Ibara ya 35 inampa pia haki ya kusahihishiwa habari za uongo zinazomdhuru, mfano akiwa ameandikwa amefariki. Sheria ya 2016 inaruhusu ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, na hakuna ada ya kuliwasilisha. Asiyejua kuandika akifika mwenyewe na kueleza kwa mdomo, afisa wa habari anapaswa kumwandikia ombi na kumpa nakala. Wengi hawalijui hili, na wazee wanafukuzwa waende "wakaandikiwe nje" kwa pesa.

Beba nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, barua haikufika.

bint_mwambao
Naongeza juu ya chifu, maana hapo mambo hukwama sana. Chifu na naibu wake hawana uwezo wa kurudisha malipo, kwa hivyo msimlaumu kwa hilo. Wanachoweza ni kuthibitisha kwamba bibi yu hai na anakaa hapo. Omba barua yenye muhuri inayosema hivyo na uiambatishe. Iwapo jina kwenye akaunti na kwenye kitambulisho hayalingani hata kwa herufi moja (Mwanaisha na Mwanaesha), itaje mapema, ni sababu ya kawaida ya kusimamishwa. Muulize bibi pia kwa upole kama kuna pensheni inayoingia kwa jina lake, kwa sababu mpango huu ni wa wazee wasiopokea pensheni.

Na tafadhali, kadi na namba ya siri zisikae kwako hata siku moja. Picha ya kitambulisho chake isiende kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Akishindwa kutembea, kuna utaratibu wa kusajili mlezi wa kumchukulia, na mlezi amchague yeye.

mjumbe_pwani
Ahsanteni sana. Na wakinyamaza?

msaidizi_wa_sheria
Hesabu siku 21 kuanzia tarehe ya muhuri. Wanaweza kuongeza muda mara moja tu, siku zisizozidi 14, nao wakujulishe. Wakinyamaza, peleka nakala zote kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ofisi ya Ombudsman. Kulalamika huko hakulipiwi. Usikae ukingoja: ombi la kutaka uamuzi upitiwe upya lina kikomo cha siku 30. Kwenye barua ya Tume usieleze shida za bibi kurasa tatu. Weka tarehe, muhuri, hesabu ya miezi, na swali moja ambalo halijajibiwa.